Kopo la Sh3,500 lililonirudishia mwanangu

Mwanangu ana miaka saba. Minne kati ya hiyo amelelewa na mama yangu Kaisho, wilayani Kyerwa, wakati mimi nikiwa chuoni Dar es Salaam na baadaye nikihangaika na kazi za muda za uandishi wa habari. Nilikuwa natuma fedha kwa simu, nanunua sare za shule ya awali na kila Krismasi naenda kijijini. Kwa hesabu zangu, nilikuwa mama mwema.

Januari 2025 nilipata nyumba ya vyumba viwili hapa Kayanga, wilayani Karagwe, nikaenda kumchukua aje aanze darasa la kwanza akiwa kwangu. Alishuka kwenye Hiace akiwa na begi moja na mkungu wa ndizi kutoka kwa bibi yake. Siku hiyo hiyo aliniita "Dada".

Sikushangaa sana. Wadogo zangu pale nyumbani wananiita Dada, naye amekua akisikia hivyo. "Mama" kwake ni bibi yake. Nikajipa moyo kwamba atazoea.

Hatukupata muda wa kuzoeana. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, hapa hapa mkoani kwetu. Ilikuwa mara ya pili kwa Kagera ndani ya miaka miwili, baada ya ule mlipuko wa Bukoba Vijijini uliotangazwa Machi 21, 2023. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kuanzia siku ile nilikuwa mtu wa barabarani na wa simu, na mtoto nikamwacha na binti aliyekuwa akinisaidia kazi za nyumbani.

Nikirudi nilivua nguo za safari nje, nikanawa hadi kwenye viwiko, nikamsalimia mwanangu kwa mbali. Nilikuwa nawaandikia wasomaji kila siku kuhusu mikono, udongo, wanyama na maji maji ya mwili, hofu ikanikaa kichwani. Yeye hakujua Marburg ni kitu gani. Alichoona ni kwamba huyu Dada aliyemtoa kwa Mama yake hataki kumgusa.

Jioni moja ya Februari nilifungua kabati nikatoa kopo ninalowekea karanga. Ndani hapakuwa na karanga. Palikuwa na udongo, kipande cha jani la mgomba na sisimizi weusi wakikimbia huku na huko, wengine wamebeba vitu vyeupe kama punje za mchele.

Nilipiga kelele. Nilimwaga kila kitu uani, nikachukua dawa ya kupulizia wadudu, nikapuliza mpaka hakuna kilichotikisika. Nilipogeuka nilimkuta mwanangu amesimama mlangoni. Hakulia. Alikuja akachuchumaa, akawa anawaangalia wanavyojikunja.

Asubuhi, akiwa amevaa sare, aliniambia kwa upole kabisa: "Dada, nataka kurudi kwa Mama."

Nilimpigia simu mama yangu nikitegemea anitetee. Nilimweleza habari nzima, kopo, karanga, wadudu. Akaniuliza: "Ulimuuliza walikuwa wa nini?"

"Mama, ni wadudu, wako kwenye chombo cha chakula!"

"Nimekusikia. Ulimuuliza?"

Kisha akanieleza jambo ambalo kwa miaka minne hakuna aliyeniambia, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Kule Kaisho, yeye akikaa kuchambua maharage nyuma ya nyumba, mtoto alikuwa akikaa pembeni yake migombani akiangalia sisimizi. Msimu wa senene walikuwa wakiwatupia mabawa wanayoyanyofoa, kisha wanaangalia wanavyosaidiana kuyaburuta hadi shimoni. "Huko kwako hana anayemfahamu," mama alisema. "Alijitafutia wa kukaa nao."

Nilikumbuka kisa cha Jane Goodall, yule mtafiti aliyefika Gombe, Kigoma, mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Akiwa na miaka minne hivi alijificha ndani ya banda la kuku kwa saa kadhaa ili aone yai linatokea wapi. Nyumbani walishaanza kumtafuta. Alipotokea amejaa nyasi, mama yake hakumchapa. Alimkalisha chini akamsikiliza asimulie. Goodall alikisimulia kisa hicho hadi uzeeni. Mimi wangu nilimpulizia dawa.

Jioni ile nilimwomba mwanangu radhi. Kwetu si jambo la kila siku mzazi kumwomba radhi mtoto, na sikujua hata pa kuanzia. Nikamuuliza tu: "Vile vyeupe walivyokuwa wamebeba ni nini?"

Alinitazama kama anapima kama namtega. Kisha akasema: "Ni watoto. Ukiwamwagia maji, wakubwa wanawatoa watoto kwanza, ndio na wao wanatoka."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia tangu Januari.

Malkia wa barazani

Mwanzoni mwa Aprili mvua zilikuwa zimekolea. Jioni moja, baada ya mvua kukatika, sisimizi wenye mabawa walijaa kwenye taa ya baraza. Hao ni madume na malkia vijana waliotoka kwenye makazi mengi kwa wakati mmoja ili kupandana. Baada ya hapo madume hufa. Malkia hutua, huvua mabawa yake na kutafuta shimo la kuanzia familia.

Mwanangu alimwona mmoja ukutani, mkubwa, hana mabawa. Akanivuta gauni. Nilikuwa nimeshasoma usiku kadhaa kwenye simu, nikajua la kufanya. Nilinunua duka la dawa kichupa kipya chembamba cha plastiki angavu. Tukaweka maji hadi theluthi moja, tukasukuma pamba hadi ikayazuia yasitoke, tukamwingiza malkia, tukafunga mdomo kwa pamba nyingine. Unyevu anaupata kwenye ile pamba ya kwanza. Kisha tukamweka kwenye droo yenye giza na kukubaliana kufungua Jumapili tu, kwa sababu malkia akisumbuliwa sana anaweza kula mayai yake.

Jumapili ya kwanza tulikuta mayai machache kama vumbi jeupe. Zikafuata Jumapili za kuangalia mabuu, halafu pupa. Muda wote huo hatukumpa chakula. Malkia wa aina hii akishajifungia haendi kutafuta chakula. Anaishi kwa mafuta ya mwilini na kwa misuli ile ya mabawa asiyoihitaji tena, na kutokana na hiyo hiyo ndiyo anawalisha watoto wa kwanza.

"Hali chochote?" mwanangu aliuliza.

"Hali chochote."

Akafikiri kidogo. "Mama naye hufanya hivyo. Anasema ameshiba."

Alikuwa anamsema bibi yake. Niliinuka nikaenda jikoni, nikajifanya naangalia sufuria.

Siku nyingine alikuja na swali gumu zaidi. Nilikuwa nimemweleza kwamba wafanyakazi wakishakuwa wengi, malkia anabaki na kazi ya kutaga tu. Kulisha watoto, kuwaramba na kuwahamisha wakati wa baridi au joto ni kazi ya dada zao, maana sisimizi wote wafanyakazi ni wa kike. Akaniuliza: "Sasa malkia anawajua watoto wake?"

Ningeweza kumjibu kama mwandishi, kwamba sisimizi wa nyumba moja hutambuana kwa harufu. Nilimwambia hivyo. Kisha nikaongeza: "Lakini mimi nakujua kidogo tu. Nataka nikujue."

Hakujibu. Alisogea akaegemea goti langu, tukaendelea kuangalia.

Tulivyotengeneza nyumba yao

Wakati tukisubiri tulianza kuandaa nyumba. Mzazi mwenzangu, ukitaka kujaribu na mwanao, hiki ndicho tulichofanya.

Kopo: la plastiki angavu, la mstatili, lenye mfuniko wa kubana, kama yale ya kuhifadhia chakula. Langu nililinunua sokoni Sh3,500.

Jasi: unga mweupe ambao mafundi hutumia kwenye dari. Nilinunua wa Sh1,000 na ukabaki. Unachanganya na maji hadi uwe kama uji mzito. Sisi mara ya kwanza tuliweka maji mengi, ukapasuka ulipokauka.

Vyumba: simamisha kipande cha ubao katikati ya kopo kama ukuta, mimina jasi upande mmoja kimo cha sentimita tatu hivi. Ikianza kushika lakini haijawa ngumu, toa ubao, mtoto achimbe kwa mpini wa kijiko vyumba vitatu au vinne vya kina cha sentimita moja, na njia nyembamba za kuviunganisha. Acha mlango mmoja unaotokea upande mtupu, ambao ndio uwanja wao wa kulia na kutupa taka. Acha ikauke siku kadhaa.

Dari: kipande cha kioo kilichokatwa na fundi kwa kipimo cha jasi, kingo zikapigwa msasa. Juu yake kitambaa cheusi, maana wanapenda giza. Unakifunua dakika chache mkitaka kuangalia.

Hewa: matundu madogo kwenye mfuniko kwa sindano iliyopashwa moto, kazi ya mtu mzima, kisha bandika kipande cha neti kwa ndani.

Unyevu na chakula: matone machache ya maji kwenye kona moja ya jasi kila baada ya siku chache. Kona nyingine ibaki kavu, watachagua wenyewe pa kukaa. Chakula ni pamba iliyochovywa kwenye maji ya sukari, na kipande kidogo cha kiini cha yai au mdudu aliyekufa ambaye hakupuliziwa dawa. Mabaki uyatoe kabla hayajaota ukungu. Usiweke kopo juani, litawapika.

Tulilijaribu kwa sisimizi kumi wa uani. Asubuhi hakukuwa na hata mmoja. Tuliwakuta kwenye sukari.

Nilikuwa tayari kukata tamaa. Mwanangu akasema kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida: "Si tuweke kama kabati la Mama?" Nikakumbuka. Kabati la chakula la mama yangu, tangu mimi nikiwa mdogo, miguu yake minne imesimama ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Tukaweka nyumba yetu juu ya kigae katikati ya sinia lenye maji, na kwa ndani tukapaka mafuta ya mgando kuzunguka ukingo. Tangu siku hiyo hakuna aliyetoroka.

Jirani alipita akaniuliza, "Mwandishi, siku hizi unafuga wadudu?" Nilimjibu ndiyo, nikamkaribisha aone. Alikaa nusu saa.

Kabla hujaanza

Kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu, niruhusu niseme ya afya. Jasi inapoganda hutoa joto linaloweza kuunguza ngozi. Mtoto asitumbukize mkono ndani yake hata kwa mchezo. Kopo likishatumika kwa kazi hii lisirudi jikoni. Sisimizi hukanyaga uchafu na kuhamisha vimelea, hivyo mikono inawe kwa maji tiririka na sabuni kila mnapomaliza.

Usichukue siafu, majimoto wala aina yoyote inayouma sana. Mtoto akiumwa kisha akavimba midomo au uso, akatoka vipele mwili mzima au akapumua kwa shida, usingoje kesho, mkimbize kituo cha afya. Tafuteni sisimizi uani kwenu, si kwenye mapango au magofu yenye popo, na si ndani ya hifadhi zetu za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa.

Na msiwageuze biashara. Aprili ile ile ambayo sisi tulimpata malkia wetu, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha, Kenya, wakiwa na sisimizi karibu 5,000, malkia kwa maelfu, kwenye vichupa vyenye pamba kama chetu. Wengi walikuwa wa aina inayovuna mbegu, wanaouzwa kwa bei kubwa kwa wafugaji wa Ulaya na Asia. Mei 7, mahakama iliwapiga faini ya Sh1 milioni ya Kenya kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Nilimsomea mwanangu habari hiyo. Akaniuliza kama na sisi tutakamatwa. Nikamwambia sisi tuna mmoja, wa barazani kwetu, naye haendi popote. Ila lile swali la maelfu lilimkaa. "Nyumba zote hizo kule hazina mama," alisema.

Usiku waliohama

Wafanyakazi wa kwanza walitoka mwishoni mwa Mei. Walikuwa sita, wadogo kuliko kawaida, kama ilivyo kwa uzao wa kwanza wa malkia. Mwanangu aliwahesabu mara tatu. Tukakiweka kichupa ndani ya kopo, kwenye uwanja, tukaacha mdomo wazi ili wahame wakitaka. Hawakutaka.

Likizo ya Juni ikafika. Nilikuwa nimemwahidi kwenda kwa bibi yake na sikutaka kuvunja ahadi. Nilimpandisha gari kupitia Omurushaka hadi Kaisho, nikamkabidhi mwenyewe. Nikiri kwamba moyoni niliogopa. Niliogopa hatataka kurudi, na nilijua sina haki ya kumlazimisha. Kabla sijaondoka alinipa kipande cha daftari. Alikuwa ameandika kwa herufi zake za darasa la kwanza: MAJI JUMATANO. SUKARI. USIPULIZE DAWA.

Siku ya tisa, saa nne usiku, nilifunua kitambaa nikakuta wameanza. Wafanyakazi tisa sasa, wanapita mmoja mmoja mlangoni, kila mmoja na buu mdomoni, wanaacha, wanarudi kuchukua mwingine. Nilizima taa kubwa nikabaki na mwanga wa simu kwa mbali. Nilikuwa na habari ya kutuma ofisini usiku ule. Sikuituma hadi alfajiri.

Asubuhi nilimpigia mama yangu. Kabla sijamaliza salamu nilisikia simu ikinyang'anywa.

"Wamehama?"

"Wamehama. Usiku."

"Watoto waliwabeba wote?"

"Wote. Nilihesabu kumi na moja."

"Na malkia? Alibebwa au alitembea mwenyewe?"

Nilimwambia ukweli: malkia alitembea mwenyewe, wa mwisho, akisimama kila hatua, na mfanyakazi mmoja akawa anarudi kumgusa kwa vipapasio kisha anatangulia tena. Tuliongea dakika kumi na nne, niliziona kwenye simu baadaye. Katika miaka yote minne ya kutuma fedha na kusema "mpeni nimsalimie", hatukuwahi kuvuka dakika mbili.

Siku moja kabla sijaenda kumchukua, mama alinipigia akicheka. "Njoo mapema," alisema. "Mwanao amefunga begi tangu asubuhi. Anasema Jumatano haijafika lakini wewe unasahau."

Bado ananiita Dada siku nyingi. Mara nyingine, akiwa amezama kuangalia na anataka nisogeze taa, linamtoka lile jina jingine bila yeye kujua. Simkumbushi. Nasogeza taa.